Ukilipwa chini ya kima cha chini, hilo ni deni unalodai

Elsie Parrish alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya mji wa Wenatchee, jimbo la Washington, Marekani. Alianza kazi 1933 kwa senti 22 kwa saa, baadaye zikafika 25. Sheria ya jimbo hilo, iliyotungwa 1913, ilitaka mwanamke wa kazi kama yake alipwe dola 14.50 kwa wiki ya saa 48, yaani senti 30 na kidogo kwa saa. Alipoachishwa kazi 1935 alipiga hesabu ya kile kilichopungua wakati wote aliofanya kazi pale, akadai dola 216.19. Hoteli ikamwambia achukue dola 17 wamalizane. Akakataa. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 29 Machi 1937, majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba serikali inaweza kuweka kima cha chini cha mshahara na mwajiri akalazimika kukifuata. Mwaka mmoja baadaye nchi hiyo ikapata sheria ya kima cha chini ya taifa zima.

Wanahistoria husimulia kisa hiki kwa ajili ya majaji. Mimi nakipenda kwa ajili ya zile senti 19 za mwisho. Anayedai 216.19 ana hesabu mkononi. Anajua alifanya kazi kiasi gani, alilipwa nini, alistahili nini, na tofauti yake ni ipi. Hasira alikuwa nayo, bila shaka, lakini kilichofika mahakamani ni hesabu.

Kwa muda mrefu nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi mahali ninapofanya kazi, na watu huja na malalamiko ya mshahara kuliko ya jambo lingine lolote. Karibu wote huanza kwa maneno yaleyale: "Wananinyonya." Nawaamini. Ila neno hilo halimshtui mwajiri wala halimsaidii mkaguzi wa kazi wa serikali. Swali linalofungua mlango ni moja tu: wananidai au nawadai, na kama nawadai, ni kiasi gani? Ninayoandika hapa yote yanatoka kwenye swali hilo.

Kwanza tuondoe kikwazo kinachowafunga wengi midomo: "Lakini mimi nilikubali." Ulikubali kwa sababu ulihitaji kazi. Mara nyingi ulitia saini pia. Sheria za kima cha chini zilitungwa zikijua kwamba mwenye njaa hukubali chochote, na ndiyo maana makubaliano yako hayafuti haki hiyo. Mkataba namba 26 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1928, unasema kiwango kilichowekwa hakipunguzwi kwa makubaliano ya mtu mmoja mmoja, na kwamba aliyelipwa pungufu ana haki ya kudai tofauti hiyo kwa njia ya mahakama au njia nyingine ya kisheria, ndani ya muda utakaopangwa na nchi. Mkataba namba 131 wa 1970 ukarudia kwamba kima cha chini kina nguvu ya sheria na asiyekifuata aadhibiwe. Kwa nchi zilizoridhia mikataba hiyo, na nyingi ambazo hazikuridhia lakini sheria zake zinasema vivyo hivyo, karatasi uliyosaini ukikubali pungufu haina uzito kwenye kipengele hicho. Sehemu nyingine za mkataba wako wa kazi zinaendelea. Kiwango cha pungufu kinaondolewa na cha sheria kinakaa mahali pake.

Waajiri walilijua hilo mapema, wakatafuta njia ya kulizunguka. Mwaka 1910 huko Cradley Heath, Uingereza, wanawake waliofua minyororo kwa nyundo katika vibanda vya nyuma ya nyumba zao walipangiwa na bodi mpya ya ujira peni mbili na nusu kwa saa. Kwa wengi wao hilo lilikuwa karibu mara mbili ya walichokuwa wakipata. Waajiri wakagawa karatasi za kukubali kubaki kwenye malipo ya zamani kwa miezi sita, na wanawake wengi waliozisaini hawakujua kusoma. Chama cha wanawake wafanyakazi kikiongozwa na Mary Macarthur kikawasimamisha. Mgomo ulidumu wiki kumi, na ulipoisha mwezi Oktoba waajiri wote walikuwa wamekubali kiwango kipya. Michango ya watu ilikuwa mingi hata ikabaki, na iliyobaki ikajengea jumba la wafanyakazi la mji ule.

Karatasi kama zile hazijaisha. Siku hizi huitwa kiambatisho cha mkataba, au tamko la hiari, au fomu ya kwamba "sina madai yoyote". Nimeziona zikipitishwa wakati wa zamu kubadilishana, msimamizi akiwa amesimama na kalamu, watu wakikimbilia usafiri. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, sema unaomba kuisoma nyumbani. Ikiwa umeshaisaini, usikate tamaa na usinyamaze: ulizia, kwa sababu uwezekano ni mkubwa kwamba haikufungi.

Sasa hesabu. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuangalia namba moja tu, ile ya chini kabisa kwenye karatasi ya mshahara.

Anza kwa kujua kiwango chako ni kipi. Nchi nyingi hazina kima kimoja. Kuna viwango kwa sekta, kwa eneo, kwa umri, kwa mafunzo, na vingine hubadilika kila mwaka. Mwajiri anaweza kuwa anakulipa kiwango halali cha mwaka juzi, au cha sekta isiyo yako: mlinzi akalipwa kama mfanyakazi wa shamba, dereva akaandikwa msaidizi. Tafuta tangazo rasmi la serikali lenyewe. Ujumbe unaozunguka kwenye simu haufai kwa hili, maana kudai kwa kiwango kisicho sahihi kunampa mwajiri nafasi ya kukuonyesha kwamba hujui unachosema, na baada ya hapo hata ulichopatia hakisikilizwi.

Kisha hesabu saa zako zote, kuanzia ulipoanza kuwa chini ya amri yao mpaka walipokuachia. Chukua mfano wa kiwango cha 100 kwa saa, fedha iwe yoyote. Mkataba unasema saa 208 kwa mwezi, hivyo kima chako ni 20,800. Unalipwa 21,000. Kwa macho tu, umepita kiwango. Lakini unatakiwa kufika nusu saa kabla ya kufungua, na unabaki nusu saa baada ya kufunga kukabidhi hesabu na kufagia, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni saa 26 ambazo hakuna aliyeziandika. Jumla yako ni saa 234, na ulistahili 23,400. Zaidi ya hapo, umekatwa 600 za sare ambayo huwezi kufanya kazi bila kuivaa. Ulichopata ni 20,400. Pungufu ni 3,000 kila mwezi, 36,000 kwa mwaka, na hiyo ni zaidi ya mshahara wako wa mwezi mmoja na nusu. Wala hapo hatujagusa swali la kama saa zile 26 zilipaswa kulipwa kwa kiwango cha saa za ziada.

Nimefanya hesabu ya aina hii na watu wengi, na kila mara hufika dakika ambapo mtu ananyamaza anapoona jumla. Alikuwa anajua anaibiwa kidogo. Hakujua kidogo hicho kinajumlika vipi.

Si kila saa inahesabiwa kila mahali, na ni vizuri ujue hilo kabla hujakaa mezani na mtu. Uingereza, mhudumu anayekwenda nyumba hadi nyumba kutunza wagonjwa anahesabiwa muda wa kusafiri kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Lakini Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwezi Machi 2021 kwamba anayelala kazini ili aamshwe tu akihitajika hahesabiwi saa za usingizi kwenye kima cha chini, isipokuwa zile alizoamka kufanya kazi. Muda wa kupangwa foleni na kupekuliwa mwisho wa zamu umewalazimisha baadhi ya waajiri wa Uingereza kulipa malimbikizo ya mshahara; Marekani, Mahakama ya Juu ilisema 2014 kwamba sheria ya taifa haiwabani kulipa muda huo. Mimi naona uamuzi huo wa pili si wa haki hata kidogo. Aliyefungiwa getini na mwajiri wake hana uhuru wa kwenda popote, basi muda huo ni wa mwajiri. Lakini unapodai, unadai kwa sheria ya ulipo.

Makato nayo yana mipaka. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, juu ya ulinzi wa ujira unaruhusu makato kwa masharti tu yaliyowekwa na sheria ya nchi, na mapatano ya pamoja kati ya wafanyakazi na waajiri, au na uamuzi wa msuluhishi. Unataka pia kwamba malipo ya vitu, kama chakula au malazi, yawe sehemu tu ya ujira na yathaminiwe kwa haki. Kwa hiyo mwajiri anayesema "nakulaza na kukulisha, ndiyo maana nakupa kidogo" anatakiwa aonyeshe sheria inayomruhusu kuhesabu hivyo, na thamani aliyoweka. Wanaofanya kazi za nyumbani ndio wanaoumizwa zaidi hapa. Walisahauliwa na sheria nyingi kwa muda mrefu mno, mpaka 2011 ulipopitishwa mkataba namba 189 unaotaka nao waingizwe kwenye kima cha chini pale ambapo kima hicho kipo.

Wanaolipwa kwa kipande, yaani kwa kila gunia, kila nguo au kila kilo, huambiwa kwamba kima cha chini hakiwahusu. Katika nchi nyingi kinawahusu: gawanya ulichopata kwa saa ulizotumia, uone. Wanaotegemea bahshishi wa wateja nao wachunguze. Marekani mwajiri anaruhusiwa kwa sheria ya taifa kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, lakini bahshishi zisipomfikisha kwenye kima cha kawaida mwajiri analazimika kujazia. Wengi hawajaziwi kwa sababu hakuna anayefuatilia.

Halafu kuna lile la "wewe si mwajiriwa wetu, wewe ni mshirika, umejiajiri." Usilipokee kwa sababu tu limeandikwa kwenye karatasi. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa hoja hiyo kutoka kwa Uber na kusema madereva walioshtaki ni wafanyakazi wanaostahili kima cha chini, na muda wao unahesabika tangu wanapowasha programu wakiwa tayari kupokea abiria katika eneo lao. Kilichotazamwa ni nani anapanga bei, nani anaamuru namna ya kufanya kazi, nani anaweza kumwadhibu mwenzake. Jiulize maswali hayohayo. Ukigundua kwamba "mshirika" wako anakupangia saa, sare, bei na adhabu, una hoja ya kupeleka mbele.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote kama ningeruhusiwa kusisitiza moja tu. Andika. Anza leo, kabla hujamwambia mtu yeyote.

Daftari dogo linatosha. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko kama yalikuwepo, nani alikuwa msimamizi, ulifanya nini kisicho cha kawaida. Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu, bila kuruka siku zisizokupendeza, yaani zile ulizochelewa au uliomba ruhusa. Daftari linaloandika pia yanayokuelemea wewe ndilo linaloaminika. Weka karatasi zako za mshahara, na kama hupewi karatasi weka ujumbe wa simu wa malipo, taarifa ya benki, picha ya ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, ujumbe wa msimamizi unaosema "kesho njoo mapema." Nakala zikae mahali ambapo mwajiri hawezi kuzifikia. Simu ya kazini na barua pepe ya kazini si mahali salama: siku ukiachishwa, vyote vinafungwa. Ila usichukue nyaraka za siri za kampuni wala taarifa za wateja. Zako zinatosha, na hutaki kesi igeuke ya wizi.

Mwenzangu mmoja, mlinzi wa usiku, alikuwa na desturi ya kuandika saa zake kwenye kalenda ya ukutani nyumbani kwake, kwa herufi ndogo ndani ya kila kisanduku. Hakuwa na mpango wa kumshtaki mtu. Alitaka tu mkewe ajue atarudi lini. Alipoanza kudai malimbikizo, kampuni ilileta karatasi zilizochapwa zikionyesha saa zilezile kila siku, kuingia na kutoka bila dakika kuzidi, kwa miezi mfululizo. Zile kalenda zilizochakaa zilikuwa na siku za mvua alizochelewa, siku ambazo mwenzake hakutokea akaunganisha zamu mbili, siku ya msiba. Aliyesuluhisha alizitazama karatasi za pande zote mbili, akamuuliza mwakilishi wa kampuni ni mlinzi gani duniani hajawahi kuchelewa hata dakika moja. Baada ya swali hilo mazungumzo yalikuwa ya kiasi tu.

Daftari la mfanyakazi lina nguvu ya kisheria ambayo wengi hawaijui. Kutunza kumbukumbu za saa na malipo ni wajibu wa mwajiri. Akishindwa, hasara haipaswi kumwangukia aliyefanya kazi. Mwaka 1946, katika shauri la wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, Michigan, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba ikiwa kumbukumbu za mwajiri hazipo au haziaminiki, inatosha mfanyakazi aonyeshe kiasi cha kazi yake kwa makadirio ya haki na yenye mantiki, kisha ni juu ya mwajiri kuyavunja. Uingereza imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya kima cha chini ya 1998 inamchukulia mfanyakazi kuwa amelipwa pungufu mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Inampa pia haki ya kuandika barua kutaka kuziona kumbukumbu zake, na mwajiri ana siku 14 za kuzitoa. Kenya, mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Kwa hiyo usiseme "sina ushahidi" kwa sababu hukupewa karatasi yoyote. Kukosekana kwa karatasi ni tatizo lake kabla halijawa lako.

Ukishakuwa na hesabu, zungumza na wenzako kabla ya kuzungumza na bosi. Pungufu ya mshahara ni nadra kumpata mtu mmoja. Fomula iliyokosewa kwenye ofisi ya mhasibu imekosewa kwa zamu nzima. Watu watano wenye daftari tano zinazokubaliana wana nguvu ambayo mmoja hana, na pia ni vigumu kuwafukuza watano kwa siku moja bila sababu kuonekana. Kama kuna chama cha wafanyakazi, hii ndiyo kazi yake, na kama chama chenu kimelala, kiamsheni kwa jambo hili. Hakuna ajenda inayojaza mkutano kama mshahara.

Kisha mwandikie mwajiri. Nasema andika hata kama mnakaa chumba kimoja na mnaongea vizuri. Barua fupi, ya heshima, yenye tarehe: kiwango kinachonihusu ni hiki, kwa tangazo hili, saa zangu ni hizi, nimelipwa hiki, pungufu ni hii, naomba nilipwe kufikia tarehe fulani. Usitukane, usitishie, usieleze historia ya maisha yako. Baki na nakala. Kuna waajiri waliokosea kweli na watakaolipa wiki hiyohiyo, na ni haki yao kupewa nafasi. Kuna wengine watakaokuita ofisini na kukuomba mwongee "kibinadamu". Nenda, sikiliza, kisha ukitoka andika mlichosema na umtumie: "Kama tulivyozungumza leo…" Asipokanusha, umepata maandishi.

Asipolipa, kuna ukaguzi wa kazi. Watu wanawaogopa wakaguzi kwa kudhani jina lao litafika mezani kwa bosi kesho yake. Mkataba namba 81 wa 1947 juu ya ukaguzi wa kazi unamtaka mkaguzi aweke siri kabisa chanzo cha lalamiko, na asimdokeze mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya lalamiko. Mwambie wazi kwamba unataka siri hiyo. Najua kuna ofisi zenye maafisa wachache na faili nyingi, na kuna pengine wanaochukua chai kwa mwajiri. Ndiyo maana nasisitiza uende na hesabu iliyokamilika: afisa mwenye faili mia huanza na lile ambalo kazi yake nusu imeshafanywa. Chukua namba ya lalamiko. Rudi.

Njia nyingine ni usuluhishi na mahakama ya kazi, na hapa saa inakimbia bila kukusubiri. Muda wa kudai unatofautiana mno. Kwa sheria ya taifa ya Marekani ni miaka 2, na 3 kama mwajiri alikusudia. Kenya ni miaka 3 kwa madai ya kawaida ya mkataba wa kazi. Tanzania, mgogoro usio wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ukichelewa lazima uombe ruhusa kwa kueleza sababu. Uingereza mtu anaweza kurudi nyuma miaka 6 katika mahakama ya kawaida ya madai, lakini kwenye baraza la kazi muda ni mfupi sana. Unaona hatari yake: mwajiri anayekwambia "subiri tufunge mwaka" anaweza kuwa anasubiri haki yako ife. Uliza muda wako siku ile ile unapogundua pungufu. Kwingine deni hukua pia. Mahakama za Marekani zinaweza kumwamuru mwajiri alipe malimbikizo na kiasi kingine kama hicho juu yake. Uingereza malimbikizo huhesabiwa kwa kiwango cha sasa kama kimepanda, na mwajiri hutozwa faini ya hadi asilimia 200 ya deni.

Kama uliajiriwa kupitia wakala au mkandarasi mdogo, wataje wote wawili kwenye madai. Ujerumani, tangu sheria yake ya kima cha chini ianze kutumika 2015, kampuni iliyotoa kazi inaweza kudaiwa kima hicho pale mkandarasi wake aliposhindwa kulipa. Si kila nchi ina kifungu hicho, lakini kampuni kubwa mara nyingi hulipa haraka kuliko wakala ili jina lake litoke kwenye faili. Na ukisikia fununu kwamba kampuni inafilisika, usingoje uthibitisho: peleka madai, maana sheria nyingi huweka mishahara mbele ya wadai wengine, lakini anayeitwa kulipwa ni yule aliyejiandikisha.

Nimeacha hofu mpaka sasa, ingawa ndiyo iliyo mbele kwa kila anayekuja kwangu. "Wakinifukuza, watoto watakula nini?" Siwezi kumwambia mtu asiogope. Naweza kumwambia kwamba kulalamika kwa mamlaka si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, kwa mkataba namba 158 wa 1982 na kwa sheria za nchi nyingi hata zisizouridhia, na kwamba kufukuzwa wiki moja baada ya barua ya madai ni ushahidi mwingine mikononi mwako. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba fidia huja baada ya miezi, na kodi ya nyumba huja kila mwezi. Kwa hiyo siwalaumu wanaoamua kuandika daftari kimya kimya, kutafuta kazi nyingine, kisha kudai wakishatoka, mradi wahakikishe muda wa kudai haujapita. Elsie Parrish mwenyewe alidai baada ya kuachishwa. Aliye ugenini bila vibali kamili apate ushauri wa mwanasheria au chama kabla ya kwenda ofisi yoyote ya serikali. Marekani kazi uliyokwisha kufanya inalipwa kwa kima hata kama huna vibali. Nchi nyingine si rahisi hivyo, na hatari ya kurudishwa kwenu ni ya kweli.

Mwisho wa yote mara nyingi ni meza, na mezani kuna kiasi kinachopendekezwa. Kitakuwa kidogo kuliko hesabu yako. Kabla ya kukubali, jua unaacha nini: gawanya kinachopendekezwa kwa unachodai, uone ni asilimia ngapi, kisha pima muda na nguvu ulizobaki nazo. Kuna nchi ambazo huruhusiwi hata kuiuza haki hiyo kwa makubaliano ya pembeni. Ujerumani, kwa mfano, kima kilichokwisha kustahiliwa kinaweza kuachwa kwa suluhu ya mbele ya mahakama tu. Mkisaini, karatasi iseme kiasi, tarehe ya kulipwa, na kinachohusika, si "madai yote ya sasa na ya baadaye". Usikabidhi saini kabla fedha hazijaingia, au kabla suluhu haijasajiliwa mahali inapoweza kutekelezwa kwa nguvu ya sheria.

Na kama bado uko kazini, subiri mshahara unaofuata uuhesabu upya, saa kwa saa. Nimeona malimbikizo yakilipwa yote kwa mkupuo, watu wakashangilia, na mwezi uliofuata mshahara ukarudi kwenye kiwango kilekile cha zamani kwa sababu hakuna aliyemwambia mhasibu abadilishe fomula. Daftari lisifungwe.